Mbinu za Kuhisi Uchungu wa Mtu wa Rangi Nyingine

Mwaka 2010 Alessio Avenanti na wenzake nchini Italia waliwaonyesha watu video fupi za sindano ikizama kwenye mkono wa binadamu. Huku wakitazama, walipimwa kwa kifaa cha sumaku kinachowekwa karibu na fuvu, ili ijulikane ubongo wao unaiamrisha vipi misuli ya mikono yao wenyewe. Mtu akimwona mwenzake anadungwa, amri hiyo hufifia kidogo, kana kwamba mkono wake ndio uliodungwa ukajikunyata. Wazungu walioshiriki waliitika hivyo walipoona mkono mweupe. Mkono mweusi ulipodungwa, hapakuwa na mwitiko. Na weusi walioshiriki walifanya yaleyale kwa upande wao: mkono mweusi uliwagusa, mweupe haukuwagusa.

Kulikuwa na mkono wa tatu, uliopakwa rangi ya zambarau. Hakuna binadamu aliyezaliwa na mkono wa namna hiyo, lakini weusi kwa weupe waliuhisi ulipodungwa. Basi ugeni wa rangi peke yake hauzibi huruma. Kinachoziba ni yale tuliyokwisha kuambiwa kuhusu watu wa rangi fulani, na kuhusu zambarau hatujaambiwa lolote. Waliokuwa na upendeleo mkubwa wa chinichini, ule unaopimwa kwa kasi ya kujibu na si kwa maneno, ndio walioukosa zaidi uchungu wa rangi nyingine. Ukiwauliza waziwazi, hawakuwa wabaguzi.

Mwaka mmoja kabla, Shihui Han na wenzake wa Chuo Kikuu cha Peking, Beijing, walikuwa wameona jambo linalofanana. Waliwaweka Wachina na Wazungu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha sura za watu wakichomwa sindano shavuni au wakiguswa tu kwa kijiti cha pamba. Sehemu ya ubongo inayoamka mtu anapoumia, au anapomwona mwingine akiumia, iliamka kwa nguvu kwa sura za watu wa asili yake na ikapoa kwa sura za wengine. Walipoulizwa wakadirie maumivu ya wale waliowaona, alama walizotoa hazikutofautiana kwa rangi. Mdomo ulisema sawa, ubongo ulikuwa umeshachagua.

Nimeanza na maabara kwa sababu ushauri mwingi tunaopewa kuhusu jambo hili unauhutubia mdomo. Tunaambiwa tusibague, turudie kwamba sote ni binadamu, tujifanye hatuoni rangi. Vipimo vya umeme wa ubongo vinaonyesha kwamba tofauti hii huanza chini ya robo ya sekunde baada ya macho kukutana na sura. Kabla hujakumbuka azimio lako, kazi imekwisha. Kwa hiyo mbinu zinazofaa ni zile unazoziweka mapema, kabla sura haijatokea mbele yako: swali utakalouliza, watu utakaokaa nao, kazi mtakayoshirikiana, na utaratibu utakaokushika mkono siku huruma yako ikichelewa.

Niseme haraka kisichofanya kazi. Mwaka 2016 Calvin Lai na wenzake nchini Marekani walijaribu njia tisa fupi za kupunguza upendeleo wa chinichini wa rangi, kwa washiriki zaidi ya 6,300 katika vyuo 18. Zote tisa zilifaulu palepale. Baada ya saa chache au siku chache, hakuna hata moja iliyokuwa imebaki na nguvu. Kwa hiyo mwajiri anayeleta mtaalamu kwa semina ya asubuhi moja, watu wakanywa chai, wakapigwa picha na kupewa vyeti, amenunua vyeti.

Tuje kwenye linalosaidia, na tuanze na swali. Feng Sheng na Shihui Han, mwaka 2012, waliwaonyesha watu sura zilezile zenye maumivu na zisizo na maumivu, wakabadili kazi tu. Walioambiwa waitambue asili ya kila sura walionyesha upendeleo kama kawaida. Walioambiwa watazame kila mmoja anajisikiaje walionyesha upendeleo mdogo, kwa kuwa ubongo ulianza kuyaitikia maumivu ya wale wengine pia. Picha ni zilezile, swali ndilo lililobadilika.

Litengeneze swali lako kabla ya zamu. Muuguzi aingie wodini akiwa nalo: huyu anaumwa wapi, tangu lini, na maumivu yanamzuia kufanya nini? Mwalimu wa shule yenye watoto wa asili mbalimbali ajiulize kuhusu mtoto anayelia: kimemtokea nini leo? Afisa wa dirishani, kabla hajaangalia pasipoti, ajiulize mtu huyu amesimama kwenye foleni muda gani. Swali liwe dogo kiasi cha kujibika, na limhusu mtu mmoja. “Wahindi wanajisikiaje?” halijibiki. “Mama huyu mbona anashika kiuno?” linajibika.

Kuna jaribio la Marekani la mwaka 2011 lililofanywa na Brian Drwecki na wenzake, ambamo wanafunzi na wauguzi walitazama video za wagonjwa weusi na weupe, kisha wakaamua matibabu ya maumivu. Walioachwa tu waliwapendelea wagonjwa weupe. Walioombwa kwanza wafikirie maumivu yale yanayaathiri vipi maisha ya mgonjwa walipunguza sana upendeleo huo. Kwa hiyo kujiweka mahali pa mwenzako kunasaidia, ila kuna mpaka ambao wahubiri wa huruma huuruka. Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2018 majaribio 25 yaliyopima kama mtu anayejiweka mahali pa mwingine hukisia vizuri zaidi mawazo na hisia za mwingine huyo. Hakisii vizuri zaidi. Kinachoongezeka, wakati mwingine, ni kujiamini. Aliyepata usahihi ni yule aliyekwenda kumwuliza mwenyewe. Kwa hiyo mawazo yako yatumie kuuamsha moyo, halafu ufungue mdomo uulize. Na ukishauliza, nyamaza. Wengi wetu huuliza “unajisikiaje?” huku mkono umeshafika kwenye kitasa cha mlango.

Mbinu ya pili ni majina na sura. Pale Kariakoo utasikia mtu akisema Wachina wote wanafanana, na sina shaka kuna Mchina anayesema hivyo hivyo kuhusu sisi. Macho huzoea kutofautisha sura yanazoziona tangu utotoni, na sura nyingine yanazirundika kwenye fungu moja. Ni vigumu kulia na fungu. Miao Qian na wenzake walilifanyia kazi jambo hili nchini China kwa watoto wa chekechea, wakawafundisha kuwatofautisha watu weusi mmoja mmoja, huyu ni huyu na yule ni yule. Upendeleo wa chinichini wa watoto hao ulipungua. Kundi jingine lilionyeshwa sura hizohizo bila kufundishwa kuzitofautisha, na halikubadilika. Kuona tu hakutoshi. Unaweza kupita mbele ya duka la Mhindi miaka ishirini bila kujua yupi ni baba na yupi ni mjomba.

Ukipata mfanyakazi mwenzako, mpangaji au mteja wa asili nyingine, jifunze jina lake kwa matamshi yake na si kwa matamshi yanayokurahisishia wewe. Tafuta alama mbili tatu usoni ambazo si rangi wala nywele: nyusi, umbo la sikio, namna anavyocheka. Acha kabisa kumwita “yule Mchina wa stoo” au “Mwarabu wa juu” hata pale asipokusikia, maana masikio yanayojifunza ni yako. Wazazi, mtoto akiuliza kwa sauti ndani ya daladala kwa nini mtu fulani ni mweupe, msimfinye. Mjibuni kwa kifupi, kisha mwelekezeni kwa mtu mwenyewe: unaona amebeba nini? Unadhani anakwenda wapi?

Mbinu ya tatu ni timu, na hapa shabiki wa Simba au Yanga hahitaji maelezo marefu. Mwaka 2005 Mark Levine na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, kwa mashabiki wa Manchester United. Kila mmoja aliandika kwanza kuhusu mapenzi yake kwa klabu, kisha akaombwa avuke kwenda jengo jingine. Njiani kijana mmoja anakimbia, anateleza, anaanguka, anashika kifundo cha mguu na kulia kwa maumivu. Alipovaa jezi ya Manchester United, karibu kila mtu alisimama kumsaidia. Alipovaa ya Liverpool, wengi walipita, kama walivyompita alipovaa fulana isiyo na nembo. Kisha jaribio likarudiwa kwa mabadiliko madogo: safari hii mashabiki waliandika kuhusu raha ya kuwa mpenzi wa soka kwa jumla. Wa Liverpool naye akaanza kusaidiwa, karibu sawa na wa Manchester.

Rangi nayo hutii jambo hili. Jay Van Bavel na wenzake, mwaka 2008, waliwagawa watu kwa kubahatisha katika timu mbili zenye weusi na weupe, wakawapa dakika chache tu za kuzikariri sura za wenzao. Ndani ya mashine, ubongo uliitikia zaidi sura za timu yake, wawe weusi au weupe. Sheng na Han nao, katika utafiti ule niliotaja, waliona upendeleo wa kuhisi maumivu unapungua watu wa asili mbili wanapopangwa upande mmoja.

Kwa hiyo unapopanga zamu, usiwaache watu wajipange, maana watajipanga kwa lugha na rangi kama tunavyokaa harusini. Wachanganye, uwape kazi moja yenye tokeo moja ambalo litawafurahisha au kuwaumiza wote kwa pamoja. Kuwaweka meza jirani, kila mtu na mafaili yake, hakuzai timu. Shuleni vilevile: kundi la watoto wanne, jaribio moja la sayansi, alama moja kwa wote.

Lakini mkumbuke yule mwenye fulana isiyo na nembo. Hata duara lilipopanuliwa likamwingiza Liverpool, yeye aliendelea kupitwa. Kila timu mpya ina mtu iliyomwacha nje, na anayeunda timu inafaa ajiulize mapema ni nani huyo. Kuna pia mpaka mwingine, ulioonekana Iraq. Salma Mousa alichapisha mwaka 2020 matokeo ya ligi ya soka ambamo baadhi ya timu za Wakristo waliofukuzwa na kundi la Dola ya Kiislamu ziliongezewa wachezaji Waislamu. Uwanjani walibadilika kweli: waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kumpigia kura Mwislamu apewe tuzo na kufanya naye mazoezi hata miezi kadhaa baadaye. Nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowafahamu, mabadiliko yalikuwa hafifu. Msitegemee bonanza moja la kampuni libebe mzigo wote.

Mbinu ninayoiamini kuliko zote ni kupokea. Sisi tunapenda kutoa. Tukitaka kujenga ukaribu na watu wa jamii nyingine tunawapelekea msaada, tunawafundisha, tunawaalika kula. Ni wema, ila aliyetoa hubaki juu na aliyepokea hubaki chini, na moyo wa mtoaji haulazimiki kujifunza jambo jipya. Grit Hein na wenzake, Zurich, mwaka 2016, waliligeuza. Waswisi waliambiwa watapigwa shoti za umeme zenye kuuma, na kwamba mtu mwingine anaweza kutoa pesa zake ili wao wasipigwe. Kwa baadhi yao mwokoaji alikuwa Mswisi mwenzao. Kwa wengine alikuwa mtu mwenye asili ya nchi za Balkani, watu wanaosemwa vibaya sana huko Uswisi. Kabla ya kusaidiwa, ubongo uliyaitikia kidogo maumivu ya watu wa Balkani. Baada ya kusaidiwa nao mara kadhaa, mwitiko ukapanda, na haukumhusu mwokoaji peke yake, ulienea hadi kwa wengine wa asili yake ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Kilichofundisha pale ni mshangao. Ubongo ulitarajia kuachwa, ukaokolewa, ukalazimika kuandika hesabu upya. Ndiyo maana mtu ambaye matarajio yake ni mabaya ndiye mwenye nafasi kubwa ya kubadilika, mradi msaada umfikie kweli. Basi muombe jirani wa asili nyingine akuazime ngazi. Muombe fundi wa Kichina akuonyeshe anavyoifunga mashine ile. Muombe mama wa Kihindi wa ghorofa ya pili akutazamie mtoto nusu saa, au akufundishe kupika dengu zake. Iwe haja ya kweli, maana watu hunusa maigizo. Na shukuru mbele ya watu, ili na wengine wasikie kwamba ulisaidiwa.

Mazoea ya kila siku nayo yana uzito, hata yasiyofikia urafiki. Yuan Cao na wenzake waliwapima mwaka 2015 wanafunzi wa Kichina wanaoishi Australia, wengine wakiwa na miezi michache na wengine miaka kadhaa. Aliyekutana zaidi na Wazungu katika maisha ya kawaida, darasani, mtaani, kwenye basi, ubongo wake uliyahisi zaidi maumivu ya Wazungu, na haikuhitajika wawe marafiki wa karibu. Ukiwa ugenini, au mtaani kwako kuna watu wa jamii nyingine, badilisha njia zako kidogo: kinyozi, duka la mboga, mahali unapokaa msikitini au kanisani.

Sasa kuna jambo ambalo maabara za Ulaya na China haziligusi, na ni Rwanda iliyolionyesha. Kuanzia mwaka 2004 shirika la La Benevolencija lilirusha mchezo wa redio uitwao Musekeweya, kisa cha vijiji viwili vilivyofarakana na vijana wa pande mbili wanaopendana. Elizabeth Levy Paluck aliwafuatilia kwa mwaka mmoja wasikilizaji wa mchezo huo na wengine waliosikiliza mchezo wa redio kuhusu afya. Imani za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona watu wa jamii yao wanavyofanya na wanavyopaswa kufanya: kuoana na wa upande mwingine, kuaminiana, kupinga jambo waziwazi, kuhisi uchungu wa wafungwa, wa manusura wa mauaji ya kimbari, wa maskini. Mwishoni kila kundi lilipewa redio na kanda za mchezo. Wale wa mchezo wa afya walimkabidhi kiongozi mmoja upesi wakaondoka. Wale wa Musekeweya walibishana muda mrefu jinsi ya kuvitunza kwa pamoja.

Ubaguzi wa Rwanda haukuwa wa rangi kwa maana ya majaribio ya Italia au Beijing, ila funzo linahamishika. Si lazima uisubiri mioyo ya watu igeuke ndipo mwenendo ubadilike. Kichekesho cha kuwadhihaki watu wa jamii fulani kikiingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, anayekaa kimya anahesabiwa miongoni mwa wanaocheka. Sentensi moja inatosha: “Jamani, hii mimi haijanichekesha.” Usitoe hotuba. Ukihubiri watakuhama na mada itakuwa wewe.

Pia kuna mahali ambapo huruma haifai kuachiwa uamuzi, hata ukiwa umeifundisha vyema. Mwaka 2016 Kelly Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wanaofundishwa kazi, weupe 222. Takriban nusu yao waliona kuwa na ukweli angalau dai moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Walioamini madai hayo waliyakadiria chini maumivu ya mgonjwa mweusi, na matibabu waliyopendekeza yalikosea zaidi. Hao ni watu waliochagua kazi ya kuponya. Dawa ya hapo ni utaratibu. Huko Marekani, hospitali ya Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham iliweka mpango mmoja wa huduma kwa kila mgonjwa wa upasuaji wa utumbo mpana: dawa gani, saa ngapi, ale lini, ainuke lini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa tofauti kati ya weusi na weupe katika siku za kulazwa, iliyokuwapo kabla ya mpango, imetoweka. Hakuna aliyelazimika kupimwa moyo.

Nawe ukiwa na uamuzi juu ya watu, andika vigezo kabla hujaona majina na picha. Uliza kila mwombaji wa kazi maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Kama unatoa adhabu shuleni, weka daftari la kosa na adhabu, na mwisho wa muhula lipitie uone kama watoto wa jamii fulani wanapewa adhabu nzito kwa kosa lilelile. Kama unatoa dawa, andika namba ya maumivu aliyoitaja mgonjwa mwenyewe, siyo uliyomkadiria.

Inawezekana pia kwamba unayasoma haya ukiwa upande wa pili: umelazwa Ulaya au Marekani, au unafanya kazi za ndani huko Ghuba, na anayekutazama haioni haraka taabu yako. Kumbadilisha yeye si wajibu wako. Ila kuna namna za kumpunguzia nafasi ya kukisia. Taja maumivu kwa namba, sifuri hadi kumi, kisha useme yanakuzuia kufanya nini: siwezi kupanda ngazi, nimeamka usiku mara tatu, siwezi kumbeba mwanangu. Mpe jambo moja linalokutambulisha wewe, kazi yako au umri wa watoto wako, kabla hajakuweka kwenye fungu. Nenda na mtu anayeijua lugha. Ukinyimwa dawa au kipimo, omba kwa upole iandikwe kwenye faili kwamba uliomba, ukanyimwa, na sababu yake, kisha uombe nakala.